Sura ya Tano: Ua Lenye Tarehe

Vitabu vingi vinavyofundisha kupiga picha za maua na wanyama wa nyumbani vimeandikwa kwa ajili ya bustani za nchi za baridi. Msomaji huambiwa asubiri Machi au Aprili, theluji ikishayeyuka, atoke nje na paka wake, alale kifudifudi kwenye majani mabichi na apige picha hata saa sita mchana, kwa kuwa jua ni pole. Mkazi wa Sumbawanga akiyafuata maagizo hayo kama yalivyo ataambulia tope, mawingu mazito na paka aliyelowa. Si ajabu basi wengi wakahitimisha kwamba jambo lenyewe ni la watu wa kwingine, na kwamba picha inayostahili kupigwa katika pembe hii ya nchi ni ya Maporomoko ya Kalambo, au ya viboko wa Katavi kwa jirani. Nalipinga hitimisho hilo. Ufipa ina machipuko yake, yenye wakati wake na mwanga wake. Na picha ya ua, ya mti au ya mbwa, iliyopigwa nyumbani kwa uangalifu na kuandikiwa tarehe, ni ushahidi ambao hakuna mtu mwingine atakayekuja kutukusanyia.

Tuanze na majira. Nyanda za Ufipa zina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Novemba hadi Aprili. Mvua ikikatika nyasi hukauka. Kipupwe cha Juni na Julai huleta asubuhi za baridi kali mjini, kwenye mwinuko wa takribani meta 1,800. Upepo wa kusini-mashariki huvuma siku nzima. Na kufikia Agosti vilima vingi huwa vyeusi kwa moto. Mtu anayeitazama nchi wakati huo anaweza kuapa kwamba hakuna cha kupiga picha mpaka mvua irudi. Lakini miti haisubiri mvua. Septemba na Oktoba, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza, miyombo ya miteremkoni hutoa majani mapya kwa kutumia maji na chakula kilichowekwa akiba mizizini na kwenye shina. Majani hayo hayatoki na rangi ya kijani. Hutoka mekundu, ya shaba na ya hudhurungi, kwa sababu jani changa hujaa rangi iitwayo anthosiani kabla ukijani wake haujakomaa, na kwa wiki chache msitu mzima huonekana kama uliochanua maua. Mjini, jakaranda huvaa zambarau matawi yakiwa karibu matupu. Penye nyasi zilizoungua, mimea yenye viazi na mizizi minene ardhini huchomoza ua moja kwa moja kutoka kwenye majivu, mingine bila hata jani. Mishubiri huwa imetangulia kwa maua yake mekundu yanayowaita chozi. Machipuko ya Ufipa, kwa hiyo, huja mwaka ukiwa umefika ukingoni mwa ukavu, na anayeyangoja mvuani huwa ameyakosa. Wimbi la pili la maua huja mvua ikishashika, kuanzia Januari hadi Machi: alizeti mashambani, maharage juu ya matuta ya mviringo ambayo Wafipa huyaita ntumba, na okidi za ardhini kwenye nyasi ndefu.

Baada ya majira ni mwanga, na hapa ndipo vitabu vya kigeni hupotosha zaidi. Sumbawanga iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari. Yaani katika mawimbi yote mawili ya maua, jua la mchana huwa kali na la wima kuliko wakati wowote. Linganisha na London. Tarehe 21 Machi, majira yao ya machipuko yanapoanza, jua la London saa sita mchana hufika takribani digrii 38 tu juu ya upeo wa macho. Kwa hiyo mwanga hulala pembeni, hupenya kwenye petali, huacha vivuli virefu vyenye umbo. Oktoba hapa Sumbawanga jua hilo hilo huchomoza yapata saa 12:30 asubuhi, hupanda karibu wima, na kufikia saa tatu au dakika chache baadaye limeshazifikia digrii 38. Mwanga ambao mpiga picha wa London anaupata adhuhuri, sisi tumeshaupita kabla ya chai ya saa nne. Baada ya hapo ua huwa na kichwa kinachong'aa na shingo nyeusi, na macho ya mbwa hupotea ndani ya kivuli cha paji lake. Mpiga picha wa Ufipa hana budi kuamka. Na hata hapo kuna jambo la kuzingatia ambalo mkazi wa Dar es Salaam hana haja ya kulifikiria: nchi nzima hutumia saa moja, nasi tuko mbali magharibi, hivyo mwishoni mwa Februari jua la Sumbawanga huchelewa kutoka mpaka karibu saa moja kamili. Kipindi kizuri basi ni kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, na tena saa moja ya mwisho kabla ya jua kuzama. Asubuhi ina faida ya ziada: upepo wa nyanda hizi, ambao ndio adui mkubwa wa picha za maua kuliko ubovu wa kamera, kwa kawaida huwa bado haujaamka.

Mtu atauliza: je, asiyeweza kutoka asubuhi, kwa mfano mwalimu au muuguzi wa zamu, aache kabisa? La. Kivuli cha baraza ni studio ya bure. Mwanga wa mchana ukigonga ua uliofagiliwa hurudi juu ukiwa umelainika, na kiumbe aliyelala barazani huangazwa kutoka chini na mbele, jambo ambalo wapiga picha wa mijini hulitafuta kwa kutumia vioo na vitambaa vyeupe. Wingu la Novemba nalo hufanya kazi hiyo hiyo kwa ua mzima. Kinachohitajika ni kutazama mwanga unaangukia wapi kabla ya kutazama kitu chenyewe, na hili ni zoezi la macho ambalo halimgharimu mtu shilingi.

Rangi za machipuko yetu zina ugumu wake, na ni vizuri msomaji aujue ili asiilaumu simu yake bure. Karibu kila kamera ya kidijitali, kuanzia simu ya bei ndogo hadi kamera ya mpiga picha wa magazeti, hufuata mpango wa vichujio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Katika kila nukta nne za kupokea mwanga, mbili husoma kijani, moja husoma nyekundu na moja bluu. Bayer alikuwa na sababu nzuri, kwa maana jicho la binadamu hutegemea zaidi kijani katika kutambua umbo. Lakini matokeo yake kwa ua jekundu ni kwamba robo tu ya nukta ndizo zinazolisoma ipasavyo, nazo hujaa haraka kuliko zile nyingine. Waridi jekundu juani hutoka kama doa la rangi lisilo na mikunjo. Majani ya myombo ya Septemba hutoka kama moto usio na mishipa. Dawa yake ni rahisi: gusa ua kwenye kioo cha simu, kisha shusha mwangaza mpaka mikunjo ya petali ionekane, hata kama sehemu nyingine za picha zitakuwa na giza kidogo. Giza linaweza kuinuliwa baadaye. Kilichoungua kwa mwanga hakirudi. Na kwa kuwa nyumba nyingi za Sumbawanga zimejengwa kwa tofali za kuchoma, ni busara kutoliweka ua jekundu mbele ya ukuta mwekundu. Ua la bluu au la njano hupendeza zaidi hapo, na ukuta ule ule humfaa sana mbwa mweupe.

Wanyama wana tatizo la namna hiyo lakini kwa upande wa weusi na weupe. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe hudhani kwamba dunia ina mwangaza wa wastani, na humvuta kila kiumbe kuelekea wastani huo. Mbwa mweusi hutoka wa kijivu, paka mweupe naye hutoka wa kijivu. Kwa hiyo mweusi apunguziwe mwangaza na mweupe aongezewe, kinyume na mkono unavyotaka kufanya. La pili ni kimo. Picha nyingi za mbwa na kuku mitaani hupigwa mtu akiwa amesimama, na picha ya namna hiyo huonyesha mgongo tu. Chuchumaa mpaka lenzi iwe sawa na jicho la mnyama, lenga jicho lililo karibu nawe, na usimwite jina mfululizo, kwa kuwa sauti anayoijua humfanya aje kwako badala ya kutulia. Simbilisi, wanaofugwa katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini, hutulia penye nyasi mbichi na hawana haja ya kuitwa kabisa.

Hapa huja pingamizi zito kuliko yote, na linastahili jibu refu. Husemwa kwamba huku kwetu mbwa ni mlinzi, paka ni wa panya, kuku ni wa mboga; mnyama wa kubembelezwa na kupigwa picha ni anasa ya watu wenye muda. Kwanza, kazi haiondoi ukaribu. Mbwa anayelala mlangoni miaka minane anajulikana na watoto wote wa nyumba kwa jina, kwa tabia na kwa kovu lake, na hakuna sababu ya kazi yake kumnyima sura. Lakini jibu lenye nguvu zaidi ni la manufaa. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya programu ya simu iliyojaribiwa vijijini kaskazini mwa Tanzania, inayomtambua mbwa kwa picha ya uso wake, ili kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa zijue nani amechanjwa na nani bado. Kitambulisho cha shingoni hupotea, na kadi huliwa na mchwa, uso haupotei. Picha mbovu zilipoondolewa, programu iliwatambua sawasawa karibu asilimia 76 ya mbwa waliochanjwa na karibu asilimia 99 ya ambao hawakuchanjwa. Maneno ya kuzingatia ni hayo ya mwanzo, picha mbovu zilipoondolewa. Picha iliyotikisika, iliyopigwa kutoka juu, yenye uso ndani ya giza, haikusaidia kitu. Kujua kumpiga mbwa picha nzuri ya uso ni ujuzi unaoweza kuingia katika kinga ya ugonjwa unaoua karibu kila anayeanza kuonyesha dalili zake. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, katikati kabisa ya machipuko yetu, na mbwa atakayekaa uso kwa uso na mtoto kwa ajili ya picha anapaswa kuwa amechanjwa kwanza.

Sasa nirudi kwenye tarehe, maana ndiyo kiini cha hoja. Tarehe 30 Mei 1868 mtu fulani alipiga picha katika makaburi ya Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani, siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Hakuwa akifikiria miti. Miti iliingia kwenye picha kwa sababu ilikuwapo, nayo ilikuwa haina majani. Mwaka 2005 watafiti walirudi mahali pale tarehe ile ile wakakuta miti imejaa majani tele. Picha ya kawaida, kwa kuwa tu tarehe yake ilijulikana, ikawa moja ya vielelezo katika utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata kuonyesha jinsi joto la dunia lilivyosogeza machipuko mbele. Mifano ni mingi. Huko Kyoto, Japani, kumbukumbu za siku ambayo maua ya micheri hufikia kilele zimekusanywa kuanzia karne ya 9, nyingi zikitoka kwenye shajara za watu wa kasri waliokuwa wakiandika kuhusu sherehe zao. Na kutokana nazo ndiyo tunajua kwamba kilele cha tarehe 26 Machi 2021 kiliwahi kuliko chochote kilichokuwa kimeandikwa hadi wakati huo kwa zaidi ya miaka 1,200. Katika kijiji kimoja cha Norfolk, Uingereza, Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika siku ambayo mimea ya shamba lake ilichanua, na wazao wake wakaendelea mpaka mwaka 1958. Hakuna kati ya hao aliyekuwa na maabara. Walikuwa na ua, kalamu na uvumilivu.

Ni wazi Ufipa inahitaji kumbukumbu ya aina hiyo zaidi hata ya Norfolk. Mkulima wa hapa hupanga ulezi, mahindi na maharage kwa kutazama dalili: mti fulani ukitoa majani, ndege fulani akirudi, upepo ukigeuka. Ujuzi huo umehifadhiwa vichwani mwa wazee, nao ni wa kweli, lakini hauna tarehe. Mzee akisema siku hizi miti inachipua mapema, au mvua inachelewa baada ya majani kutoka, hakuna wa kumthibitisha wala wa kumpinga. Picha thelathini za myombo mmoja, zilizopigwa Septemba baada ya Septemba kutoka mahali pamoja, zingeweza kufanya hivyo. Mbwa aliyelala chini ya mti huo katika picha si pambo la bure pia, kwani huonyesha kimo cha mti, umri wa kaya, na mwaka, kwa kuwa kila mtu nyumbani anakumbuka mbwa yule alikuwapo lini.

Kuna watakaosema kwamba ua moja la nyumbani ni kidogo mno kuwa ushahidi wa lolote, kwa kuwa mti mmoja unaweza kuwahi kwa sababu ya bomba linalovuja karibu yake. Ni kweli, na ndiyo maana bomba nalo liingie kwenye daftari. Ushahidi wa Lowell haukusimama kwa picha moja. Ulisimama kwa sababu picha nyingi ndogo, za watu wengi wasiojuana, zilielekea upande mmoja. Wengine watasema simu zetu ni duni. Lakini jani likiwa limetoka au halijatoka, simu ya pikseli chache hulionyesha sawa na kamera ya mamilioni ya shilingi, na zaidi ya hapo kamera ndogo ya simu huonyesha kwa ukali vitu vya karibu na vya mbali pamoja, sifa inayoudhi kwenye picha za mapambo lakini inayofaa sana kwenye kumbukumbu. Kwa sababu hiyo hiyo nashauri usitumie ule mtindo wa simu unaofifisha nyuma ya picha kwa hesabu zake; hukata masharubu ya paka, humeza vijitawi, na hufuta kilicho nyuma ambacho mjukuu wako angetaka kukiona.

Hatari kubwa iko kwenye utunzaji. Simu huandika tarehe na saa ndani ya faili la picha, lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida taarifa hizo huondolewa, na anayeipokea huona tarehe ya kupokea tu. Simu huibiwa, huanguka kwenye ndoo ya maji, na kumbukumbu yake ikijaa mwenyewe hufuta picha za maua kwanza. Albamu za karatasi za wazazi wetu, zenye picha za studio ambamo watu walisimama mbele ya bustani iliyochorwa pazia huku wameshika ua la plastiki, zimeishi kuliko maelfu ya picha za simu za miaka kumi iliyopita. Chagua chache kila mwaka, zisafishwe mjini, na nyuma yake uandike kwa kalamu: siku, mwezi, mwaka, mahali, jina la mmea kwa Kifipa na kwa Kiswahili.

Lakini taarifa ile ile ya mahali yafaa isitoke nje bila kufikiriwa. Viazi vya okidi za Nyanda za Juu Kusini huchimbwa na kuuzwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo imemaliza okidi katika sehemu nyingi. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake hasa. Picha ya okidi iliyobeba vipimo vya mahali ni ramani mkononi mwa mchimbaji, kwa hiyo zima utambuzi wa mahali kabla ya kuipiga na kuisambaza. Na mnyama asichanganywe na ua lolote kwa ajili ya uzuri tu. Utomvu wa mnyaa unaozungushiwa nyumba unaweza kupofusha jicho, la mtu na la mnyama, na paka anayeramba chavua ya yungiyungi hupata madhara ya figo yanayoweza kumuua.

Kwa hiyo usisubiri mvua, wala kamera bora. Septemba ijayo chagua mti mmoja na ua moja hapo nyumbani, weka jiwe mahali pa kusimama, na kila Jumapili saa moja na nusu asubuhi piga picha kutoka juu ya jiwe hilo mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Siku itakayonyesha, piga ya mwisho, uandike tarehe, na mwonyeshe mtoto mmoja wa nyumba mahali jiwe lilipo.